Kumfadhili kuku wa mayai aliyestaafu: ng'ambo, shambani Pwani, au uani kwako?

Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Akifika wiki 72 au 80 hivi, hesabu ya mwenye banda humkataa: chakula anakula kile kile, mayai yamepungua na maganda yamekuwa mepesi. Kwa hapa Mombasa safari yake mara nyingi huishia soko la Kongowea au kwa mchuuzi wa mtaani, miguu imefungwa kamba, kichwa kinaning'inia ubavuni mwa bodaboda. Umri wake wakati huo ni mwaka mmoja na nusu. Kuku anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 5 hadi 8.

Wapo watu hapa mjini wanaotaka kumpa kuku huyu miaka yake iliyobaki, apekue mchanga na kulala kivulini apendapo, na huuliza pesa zao zitafaa wapi zaidi. Njia ni tatu: kumfadhili aliye katika kituo cha ng'ambo, kuchangia kundi linalotunzwa shambani huku huku Pwani, au kuwachukua watatu ukawaweka uani mwako. Rai yangu naitoa mapema. Kwa mtu wa Mombasa asiye na uwanja, kuchangia kundi la karibu ndiko kunakofaa zaidi, kwa sharti kwamba mchango umfuate kuku mpaka siku anapokufa, usikome siku anapoacha kutaga.

Unalipia mwili wa namna gani

Hili litangulie, maana hapa ndipo ahadi nyingi za ufadhili hupwaya. Kuku-mwitu mwekundu wa Asia, asili ya kuku wetu wa kufugwa, hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mwaka. Kuku wa leya, yaani huyu wa mayai, amechaguliwa kizazi baada ya kizazi mpaka sasa anataga karibu 300. Ganda la kila yai lina karibu gramu 2 za kalsiamu, na chakula kisipotosheleza, kalsiamu hiyo huchotwa mifupani. Ndiyo sababu wengi hutoka bandani na mifupa dhaifu, na mfupa wa kidari uliowahi kuvunjika ukaunga vibaya. Wengine walikatwa ncha ya mdomo tangu vifaranga, kwa hiyo hata kudonoa majani au kujichokoa utitiri ni kazi. Shingoni na mgongoni manyoya yamekwisha.

Kisha kuna yasiyoonekana kwa macho. Mrija wa mayai huvimba, yai hukwama, au kiini huangukia tumboni na kuoza humo. Saratani ya ovari nayo huwajia kuku hawa yenyewe, kwa wingi kiasi kwamba watafiti huwatumia kuuchunguza ugonjwa huo kwa binadamu. Anayekuambia kuwa kuku mstaafu hana gharama ila pumba, hajamlea hata mmoja mpaka mwisho.

Liko pia jambo la mwanga, na kwetu lina sura yake. Banda la biashara huwashwa taa ili kuku apate saa 16 za mwanga kwa siku. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kuku akitolewa kwenye zile taa hupunguza kutaga ghafla, manyoya ya zamani yakamtoka na mapya yakaanza kuota. Majuma hayo anaonekana mgonjwa, na mfadhili asiyejua hushtuka akitumiwa picha. Asishtuke, mwili unapumzika. Lakini baada ya hapo kuku wa kwetu hana majira ya baridi ya kumsimamisha kama mwenzake wa Uingereza, ambaye mwezi wa Desemba hupata mwanga wa saa 8 tu. Wa Mombasa ataendelea kutaga kwa vipindi mwaka mzima, kwa hiyo kalsiamu iwe mbele yake siku zote: makombe ya baharini yaliyopondwa, au maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa.

Aliye ng'ambo

Uingereza ndiko utaratibu huu ulikokomaa. British Hen Welfare Trust, shirika lililoanzishwa na Jane Howorth huko Devon mwaka 2005, limeshawapatia makao kuku zaidi ya milioni moja waliomaliza muda wao kwenye mabanda ya biashara. Marekani kuna Farm Sanctuary, tangu 1986, wenye mashamba ya kutunzia wanyama waliookolewa wakiwemo kuku. Mashirika ya aina hii yana madaktari wanaowajua kuku, yana hesabu zinazochapishwa, na yana sauti mbele ya wanaotunga sheria. Juhudi za watetezi wa namna hii barani Ulaya zilichangia kupigwa marufuku vizimba vitupu, visivyo na kiota wala fito, katika Umoja wa Ulaya kuanzia tarehe 1 Januari 2012. Hata baada ya hapo kizimba kilichoruhusiwa ni cha sentimita mraba 750 kwa kila kuku, eneo lililozidi kidogo karatasi ya A4, kwa hiyo kazi haijaisha.

Ukitoa huko, utapata picha, jina, labda cheti na barua. Ni vizuri kujua kwamba kuku wa kwenye picha huwa ana wafadhili wengi kwa pamoja. Mtindo huu tunaujua hapa Kenya kwa ndovu: Sheldrick Wildlife Trust hukubali walezi wa ndovu yatima kuanzia dola 50 kwa mwaka, na mtoto mmoja wa ndovu huwa na walezi kila pembe ya dunia. Hakuna hila hapo, ila usidhani pesa yako peke yake ndiyo inayomlisha.

Upungufu wake kwa mtu wa hapa ni mbili tatu. Huwezi kwenda kuona. Pesa hukatwa kwa kadi na kwa sarafu ya kigeni, shilingi ikiyumba nawe unayumba. Na hali ya kuku wa Kongowea haibadiliki hata kidogo. Kama una ndugu anayeishi Uingereza, mwenye bustani nyuma ya nyumba, kuna jambo bora kuliko kumtumia pesa za ufadhili: mshawishi awachukue mwenyewe, maana British Hen Welfare Trust huwagawa kuku kwa familia.

Kundi la shambani

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndiko ninakochangia mimi, upande wa Kisauni, na ndiko kwenye mengi ya kuchunguza.

Huku kwetu utaratibu ni wa kijirani. Mtu ana kiwanja Utange, Mwakirunge, Mtongwe au mbele ya Mtwapa, anawachukua kuku kutoka kwa mfugaji kabla hawajapelekwa sokoni, na marafiki wanachanga kwa M-Pesa. Hakuna cheti wala barua ya rangi rangi. Unachokipata badala yake ni kwamba Jumamosi unaweza kupanda matatu ukaenda kuwaona, na mtu anayejua kuwa wachangaji hufika bila kupiga simu hutunza kwa namna nyingine.

Hesabu ianze na chakula. Kuku mmoja wa leya hula gramu 120 hivi kwa siku, yaani kilo 3.6 kwa mwezi. Kuku 20 hula kilo 72, karibu sawa na mfuko mmoja wa kilo 70 kila mwezi. Kwa hiyo huhitaji kuambiwa na mtu gharama ya kuku wako. Ulizia bei ya mfuko kwa agroveti iliyo karibu, igawe kwa 20, hapo umepata chakula cha kuku mmoja kwa mwezi. Juu ya hiyo mimi huhesabu nusu yake tena kwa ajili ya chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu hivi, dawa ya minyoo, dawa ya utitiri, maranda ya mbao ya kutandika bandani, na akiba ya daktari. Mtu akikutajia kiwango kilicho chini ya bei ya chakula, kuku hao wanashinda njaa au kuna mahali pengine pesa inatoka, nawe una haki ya kujua ni wapi. Akikutajia mara tatu yake, aeleze. Mshahara wa kijana wa kazi ni jibu zuri. "Gharama ndogo ndogo" si jibu.

Changia kundi, usimchangie kuku mmoja mwenye jina. Nasema hivi nikijua kuwa jina na picha huvuta moyo, khasa wa watoto. Lakini chupa ya chanjo hutengenezwa kwa dozi nyingi, na ikishachanganywa haiwekwi mpaka kesho. Mlango wa banda ni mmoja. Mlinzi ni mmoja. Isitoshe, kuku wa leya wa rangi ya kahawia hufanana mno. Mfadhili anayelipia jina huacha kulipa kuku wake akifa, na mtunzaji aliyebanwa na hali huvutika kulihamisha jina kwa kuku mwingine na kukaa kimya. Mchango wa kundi unamwondolea mtihani huo. Akifa mmoja, unaambiwa, na mfuko wa mwezi ujao unanunuliwa kama kawaida.

Sasa mayai. Kuku wa wiki 72 hajakauka. Kundi la umri huo bado linaweza kutoa mayai kila siku, na yakiuzwa mtaani husaidia. Sioni ubaya wowote katika kuyauza. Ubaya huanza pale mayai yanapokuwa ndiyo mapato makubwa ya shamba, kwa kuwa hapo kila anayeacha kutaga anakuwa mzigo kwa mara ya pili maishani mwake. Kuna kipimo kimoja ninachokiamini kuliko vyote: mwombe mtunzaji akuonyeshe kuku ambaye hajataga kwa mwaka mzima. Akiwepo, tena amenenepa na yu mchangamfu, umefika penyewe. Asipokuwepo hata mmoja na shamba lina miaka kadhaa, uliza wale wa zamani walikwenda wapi. Angalia pia kama bandani kuna taa inayowashwa usiku. Kuku mstaafu haihitaji.

Uwanja nao upimwe. Kanuni za Umoja wa Ulaya kwa kuku huria hudai mita mraba 4 za nje kwa kila mmoja, na mimi huzitumia kama kiwango cha chini. Kwa kuku 20 ni mita mraba 80. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 kina mita mraba 464 hivi, kwa hiyo hata kwenye ploti ya kawaida nafasi ipo, tena inatosha kuigawa sehemu mbili ili upande mmoja upumzike huku mwingine ukitumika. Ardhi inayokanyagwa na kuku wale wale bila kupumzishwa hujaa mayai ya minyoo na vijidudu vya kuhara damu.

Joto letu linaua. Kuku hana jasho, hupoa zaidi kwa kuhema, na Februari na Machi jua la Mombasa hupita nyuzi 32. Tafuta miti kabla ya kutafuta banda zuri: mwembe, mkwaju, mwarobaini, mkorosho. Mabati yaliyoezekwa chini chini humuoka kuku akiwa hai. Makuti hupoza, ila huficha utitiri na nyoka, yanataka kukaguliwa na kubadilishwa. Paa la mabati lililoinuliwa juu na kufunikwa makuti ndilo ninalolipenda zaidi. Fito za kulalia ziwe chini, futi moja au moja na nusu kutoka ardhini. Kuku mwenye mifupa dhaifu akiruka kutoka juu huvunjika kidari. Ukiona fito za juu kama za kuku wa kienyeji, sema.

Masika huleta tabu nyingine. Kuanzia Aprili matope hukaa, maranda hulowa, na chakula kilichowekwa sakafuni hushika ukungu wenye sumukuvu, ambayo huharibu ini la kuku polepole. Mifuko iwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Kwa upande wa wanyama wakali, kunguru husumbua vifaranga na mayai zaidi kuliko kuku wazima. Wanaowamaliza kuku wazima ni nguchiro, kanu, kenge na mbwa wa mtaa, bila kumsahau mwizi. Wavu imara, na mlango unaofungwa kila magharibi na mtu yule yule.

Na swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: kuku akiumwa ugonjwa usiopona, nani anaamua, na anafanya nini? Shamba linalojibu "humwacha mpaka Mungu amchukue" linamwacha kuku na tumbo lililojaa maji kwa majuma. Shamba linalojibu "huyo tunamla" halijafanya kosa la jinai, lakini halikuwa likimtunza mstaafu. Nataka kusikia kwamba kuna daktari wa mifugo anayepigiwa simu, na kwamba kuku asiyetibika hukatizwa maumivu upesi.

Wanaotoa kwa nia ya dini huniuliza kama mchango huu unaingia kwenye zaka. Zaka ina mafungu yake manane na wote wanaopokea ni watu, kuku hayumo. Sadaka ndiyo mlango wake, na mlango huo ni mpana: Mtume alipoulizwa kama kuna thawabu kwa kuwatendea wema wanyama, jibu lake lilijumuisha kila chenye uhai.

Uani kwako

Kama unaishi nyumba yenye ua, Mishomoroni, Likoni, Changamwe, basi unaweza kutoa kile ambacho pesa hazinunui, yaani jicho la kila siku. Kuku huficha ugonjwa. Anayewaona asubuhi na jioni hugundua aliyejitenga kabla hajalala chini.

Chukua watatu angalau. Mmoja peke yake hunyong'onyea, na wawili wakibaki mmoja unarudi pale pale. Jogoo hahitajiki, na jirani atashukuru. Chakula cha watatu ni kilo 11 hivi kwa mwezi. Machicha ya nazi kidogo, mchicha, majani ya mlonge huwachangamsha, lakini chakula cha leya kibaki ndicho msingi, na mabaki yenye chumvi nyingi yasiwafikie. Kabla ya yote uliza ofisi ya mifugo ya kaunti kuhusu masharti ya kufuga mtaani kwako.

Ukienda kuwatafuta, zungumza na mfugaji kabla hajawauza, uwabebe alfajiri ndani ya tenga lenye hewa. Lipa bei ile ile ambayo mchuuzi angelipa. Ukilipa zaidi, umeanzisha biashara ya huruma, na kuku wa kesho atapandishiwa bei kwa ajili yako. Kama tayari una kuku wa kienyeji, wageni wakae mbali nao kwa majuma matatu au manne. Wote wanaweza kuambukizana magonjwa ambayo kwao wenyewe hayaonekani.

Siku za mwanzo watasimama mlangoni bila kutoka. Hawajawahi kukanyaga mchanga. Waache na mlango wazi, maji karibu, kivuli karibu. Siku utakayomwona mmoja amejilaza ubavu na kujimwagia vumbi mabawani, wengine watamfuata.

Kinachowashinda wengi ni safari. Familia ikienda Lamu kwa Maulidi au bara kwa likizo, nani atafunga mlango magharibi? Kama huna jibu la kudumu, usichukue. Daktari ni shida ya pili: wengi hutibu mifugo kwa makundi, na kuku mmoja wa uani huonekana hastahili safari. Mtafute wa kukubali mapema, mkiwa bado hamjapata dharura.

Nani achague ipi

Mwenye fleti Nyali au Tudor, na mshahara wa shilingi, achangie kundi, akae karibu nalo kiasi cha kwenda kuliona. Mwenye ua, muda, na mtu wa kumsaidia, awachukue watatu. Atamfaa kuku zaidi ya mchango wowote. Anayelipwa kwa pauni au dola, au anayetaka hasa sheria za vizimba zibadilike, ng'ambo kunamfaa, na sioni haja ya kumvuta arudi huku. Darasa au madrasa inayotaka watoto wajifunze kulea ichague shamba linaloruhusu watoto kufika, wala isinunue kuku wa kuwekwa shuleni ambao likizo ya Agosti hawana mwenyewe.

Anayesitasita kati ya shamba na ua aanze na shamba. Ukichangia kwa msimu mmoja wa joto na masika moja utakuwa umeona kila tatizo ambalo ungekutana nalo nyumbani, na mtunzaji mzuri atakufundisha kushika kuku, kumpima uzito kwa mkono kwenye kidari, na kutambua kinyesi cha ugonjwa.

Mkubaliane mapema na mtunzaji jinsi ya kuacha. Kazi hupotea, ada za shule hupanda, na hakuna aibu kusitisha. Mimi hupendekeza taarifa ya miezi mitatu, iandikwe hata kwa ujumbe wa simu, kwa sababu katika muda huo mtunzaji anaweza kupata mchangaji mwingine au kuacha kupokea kuku wapya. Mchango unaokatika ghafla mwezi wa Aprili, barabara ikiwa tope na chakula kimepanda bei, ndio unaomrudisha kuku Kongowea.